Soundtrack ya filamu: upige kwa kompyuta au urekodi zeze laivu?

Huu ubishi hauishi, na wala sio wa leo, maana Star Wars ya 1977 ilipigwa na okestra ya London Symphony, Blade Runner ya 1982 mtunzi Vangelis akajifungia na masintesaiza yake (vinanda vya umeme), na zote kali.

Sasa mtu wa Dodoma unaetengeneza sauti kwa kujifurahisha tu. Kwa gharama kompyuta inashinda, programu za bure zipo, ila umeme ukikatika hujasevu ndo basi tena. Laivu unamlipa mpigaji, unatafuta chumba, na huu upepo wetu ukiingia kwenye maiki utajuta.

Ila utamu jamani! Zeze na ilimba (ile ya vijiti vya chuma unavyopiga kwa vidole gumba) za Kigogo tyuni yake haifuati kinanda, kwa hiyo sampo (sauti zilizorekodiwa tayari) za kwenye programu ukizilazimisha zinasikika kama zimepigwa pasi, na ukichanganya zeze la kweli na kinanda vinagombana mpaka utyuni upya.

Matunzo, nyuzi na kibuyu vinataka uangalizi, kompyuta inataka bakapu.

Dairekta anabadilisha sini kila siku? Kompyuta. Stori ya Chamwino na mpigaji yupo jirani? Mfate na maiki.