Uzoefu wangu: kipindi kizuri, mtafsiri kakiua

Kama uko Mtwara na mtu akataka kukuuzia vipindi vya Penn & Teller: Bullshit! vilivyotiwa sauti ya Kiswahili, usinunue. Narudia, usinunue. Chukua vya Kiingereza au acha kabisa. Nina hasira na sitaificha, na huko mbele huenda nikajipinga, maana kipindi chenyewe nakipenda, na ndiyo sababu kinaniuma.

Kwa wasiokijua: ni Wamarekani wawili, wanamazingaombwe. Penn ni lile pande la mtu lisilonyamaza, Teller ni mfupi na hafungui mdomo. Kilirushwa na Showtime, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia 2003 hadi 2010. Wanachukua jambo ambalo watu wameliamini, mfano kuongea na wafu, sumaku za kuponya maumivu au maji ya chupa, wanalifumua mbele ya macho yako huku unacheka. Na wanafaa kwa kazi hiyo, maana wamekula maisha yao yote kwa kudanganya macho ya watu kihalali, wanajua mkono wa pili unafanya nini wakati wewe unatazama wa kwanza. Matusi ni mengi mno na watu wa utupu hutokea bila hodi. Wakwe wakiwa sebuleni, zima.

Nilianza na kile cha maji ya chupa, nikacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Mgahawa wa maana, California, una mhudumu wa maji tu, kazi yake kupita mezani na orodha ya maji kana kwamba ni mvinyo. Wateja wanaonja, wanafumba macho, wanasema haya laini, yale yana ukali kwa mbali. Kumbe yote yamejazwa nyuma ya jengo kwenye mpira wa kumwagilia bustani! Chupa moja imeandikwa kwa Kifaransa L'eau du robinet, yaani maji ya bomba, na hakuna aliyeshtuka. Hapo nikasema hiki kipindi ni cha kuonyeshwa mtaa mzima. Ila jamani, msije mkanywa maji ya bomba la hapa bila kuchemsha eti Penn karuhusu. Yale ya kwao yanatibiwa na kupimwa kila wakati. Sisi kipindupindu tunakijua kwa sura.

Sasa nije kwenye kidonda.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Napita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2022, polio ilipobainika Malawi na baadaye Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma tu, nilikuwa miongoni mwa waliotembea na matone. Najua mlango unavyofungwa usoni. Najua yale maneno: chanjo inamaliza uzazi, chanjo ni mpango wa Wazungu, mtoto wa fulani alichanjwa akapooza. Tangu sindano ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ianze nchi nzima 2018, maneno yameongezeka, kwa sababu inagusa mabinti. Nikasikia mwaka 2010 Penn na Teller walifanya kipindi kizima cha chanjo. Nikaenda kwa kijana mmoja wa muvi pale mjini, simtaji, nikampa flashi. Akaniambia, "Mama, ninacho cha kutafsiriwa, utaelewa vizuri zaidi." Nikafurahi, kwa sababu sikuwa nakitaka kwa ajili yangu. Nilitaka kina mama wa mtaani wakione.

Walikuja. Sebule ikajaa, wengine wamekaa kwenye jamvi, wengine mlangoni. Miongoni mwao jirani yangu mmoja mwenye binti wa darasa la sita, ambaye kwa muda mrefu, kila nikimtajia ile sindano ya mabinti, alikuwa ananiambia, "Dada, nitafikiria." Nilikuwa namlenga yeye hasa.

Kuna sehemu moja katika kipindi hicho ambayo kwangu ndiyo kipindi chote. Vimesimamishwa vipini vyeupe vyenye umbo la chupa, vile vya mchezo wa bowling vinavyoangushwa kwa mpira, makundi mawili, kila kipini ni mtoto. Mbele ya kundi moja kuna kioo cha plastiki, hao ndio waliochanjwa. Penn anasema, tufanye hata kama ingekuwa kweli kwamba chanjo inaleta usonji (autism, ile hali ya mtoto kupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na watu), na si kweli, na upande wa waliochanjwa anaangusha kipini kimoja. Halafu inaanza kurushwa mipira, na mipira ndiyo magonjwa: dondakoo, polio, surua na mengine. Kwenye kioo mipira inagonga na kurudi. Kule kusikokuwa na kioo watoto wanaanguka hovyo. Huhitaji shule kuielewa. Inamwingia bibi yangu, inamwingia mtoto wa chekechea.

Mtafsiri kafanya nini? Penn alipoangusha kile kipini kimoja, yule DJ akasema, "Hapa jamaa anatuambia chanjo inaleta usonji, oneni mtoto wa kwanza huyo kashaenda." Ile "na si kweli" kaimeza! Mipira ilipoanza, badala ya kutaja magonjwa akacheka, akasema, "Sindano hizo zinakuja, angalieni watoto wanavyopukutika!" Yaani kageuza kila kitu. Mipira imekuwa sindano, na watoto waliojikinga nyuma ya kioo wamekuwa wale ambao wazazi wao walikataa. Na hakutosheka. Katikati ya mipira, pale pale, akaingiza tangazo la dawa ya mitishamba ya kuongeza kinga ya watoto, na namba ya simu juu ya skrini, kwa sauti iliyozidi ile ya kipindi chenyewe.

Nikasimama nikazima. Nikawaambia jamani siyo hivyo, huyu anadanganya. Nikawaeleza habari yote ya yule daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet kuhusu watoto 12 tu, dunia ikashikwa na hofu ya chanjo ya surua na usonji. Nikawaambia jarida lenyewe liliifuta makala ile mwaka 2010, na mwaka huo huo akanyang'anywa leseni ya udaktari. Nikawaambia surua si ya mchezo, mgonjwa mmoja akikaa na watu kumi wasio na kinga, hata tisa wanaweza kuondoka nayo. Nani ananisikiliza? Wameshaona kwa macho yao, wameshasikia kwa Kiswahili. Jirani yangu akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Si unaona dada, Wazungu wenyewe wamekubali. Wewe unasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi yako." Akaondoka na mwanawe. Kwa muda mrefu tumemwekea binti yule mazingira ya kuchanjwa, na kwa miaka ya sasa mambo ni mepesi, tangu 2024 ni dozi moja tu na umri umeshushwa hadi miaka tisa. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti kavunja yote kwa kicheko.

Nikarudi kwa yule kijana. Akaniamkia, nikaitikia, nikaongea kwa upole kabisa. "Mwanangu, ulichoniuzia kimegeuzwa. Kinasema kinyume cha wenyewe." Hakuinua hata kichwa kwenye simu yake. "Mama, watu wanataka kucheka. Umenunua vichekesho au umenunua shule?" Nikamwambia kuna watoto hapa. Akasema, "Kama Kizungu unakijua hivyo, ungechukua cha Kizungu." Wateja wakacheka. Mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho! Pesa yangu sikurudishiwa, na siyo pesa iliyonitoa machozi.

Watu wanataka kucheka, anasema. Huyu amezaliwa huku kusini, hajui imani inavyomaliza watu? Aende Lindi akaulize habari za simba. Miaka ile watu walipokuwa wakiliwa vijijini, ilisemwa ni simba wa kutumwa, simba watu, na vidole vikaelekezwa kwa vikongwe. Wakati huo huo kuna watafiti, Craig Packer na wenzake, wamo Watanzania, walikuwa wanahesabu. Mwaka 2005 wakachapisha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini na kujeruhi zaidi ya 300, na kusini huku ndiko kulikoumia sana. Sababu? Nguruwe pori. Nguruwe wanaingia mashambani, mkulima analazimika kulala kwenye dungu kulinda mahindi yake, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mtu. Baadaye, mwaka 2011, wakaonyesha kwamba mashambulizi mengi ni ya saa za mwanzo za usiku, na yanazidi siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kutoka na jioni inakuwa na giza. Hebu fikiria habari hiyo ingefikishwa kwenye kila dungu kwa njia ya Penn na Teller, kwa mzaha unaokaa kichwani, kabla mtu hajamtuhumu bibi wa jirani! Ukweli kama huo unahitaji mtu wa kuusema vizuri. Sasa mtu kapewa ukweli uliokwisha kusemwa vizuri, kazi yake ni kuutia Kiswahili tu, anaupindua auzie majani.

Nilipokuwa bado na moto, nikakigeukia na kipindi chenyewe. Nikatazama vingine nikiwa natafuta makosa, nikayapata. Penn anatukana waliodanganywa sawa na wadanganyaji. Mama anayeogopa sindano siyo mjinga. Anampenda mwanawe na kaambiwa uongo. Ukimwita mpumbavu hatafungua mlango tena, hilo nakuambia mimi ninayebisha hodi. Halafu kuna kile cha moshi wa sigara, cha miaka ya mwanzo, wanachosema hofu ya moshi wa mvutaji kwa asiyevuta haina msingi. Wamepotoka, tena vibaya. Mwaka 2006 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Mimi nina nyumba ninazopita ambako baba anavuta chumba kimoja na kichanga. Kile kipindi wakikitia Kiswahili itakuwa balaa juu ya balaa. Siku hiyo nilisema basi, hawa nao siwataki, nyota mbili zinawatosha.

Lakini mpwa wangu aliyeko Dar akanitumia kile cha chanjo katika sauti yake ya asili, nikakitazama peke yangu usiku, na hasira ikahama. Ile sehemu ya mipira ni kazi ya watu wanaojali, nawaapia. Penn pale anapiga kelele kwa uchungu, hamchezei mtu. Nikamwita jirani yangu, nikampitia kwa mama mkwe wake ili asikatae. Nikazima sauti kabisa, maana matusi nayo siyataki mbele ya mama mkwe wa mtu. Nikasimamisha picha kwenye vipini, nikaeleza mwenyewe: hawa wamechanjwa, hawa hawakuchanjwa, huu mpira ni surua, huu ni polio. Akaniambia rudisha. Nikarudisha. Mama mkwe akauliza kile kipini cha kwanza kilichoangushwa ni cha nini, nikamwambia ni hesabu ya uongo, wamewapa wapinzani wao hiyo hesabu bure ili waonyeshe kwamba hata hivyo wanashindwa. Akagonga ulimi, akasema, "Na yule wa juzi alikuwa anatuambia nini?"

Binti bado hajachanjwa. Jirani kaniuliza manesi watapita shuleni lini, nimemwambia asisubiri, kituo cha afya kiko wazi, tutaenda wote.

Kwa hiyo lile la kusema acheni kabisa nalifuta. Tafuteni cha maji, cha kuongea na wafu na cha chanjo, katika sauti yake, na awepo mtu anayejua Kiingereza wa kuwaelezea watu wazima na siyo kuwachekesha. Cha moshi wa sigara kikimbieni. Na wewe DJ, najua unazisoma hizi habari za watu wa hapa: toa lile tangazo, rekodi upya ile sehemu, sema "na si kweli" kama Penn alivyosema, na mlioiuza wote mtangaze kwamba ilikuwa na makosa. Usipofanya, kila nyumba nitakayobisha hodi nitawaambia duka lenu liko wapi na linauza nini.