Chalbi mpaka Mombasa: upitie Nairobi ama ukate na Kitui?

Kutoka jangwa la Chalbi mpaka Marsabit huna cha kuchagua, ni vumbi na chumvi tu, na kukinyesha usijaribu kabisa juu ile chini inageuka matope na gari inazama. Marsabit jaza tanki, cheki presha ya tairi, alafu ni lami moja tu, Laisamis, Merille, Isiolo, na ukiona ngamia kando ya barabara punguza spidi.

Ukifika Thika ndio kuna mambo. Wengi wanashuka Nairobi washike Mombasa Road, na kweli huko gereji zipo, spea zipo, hata usiku wa manane utapata mtu wa kuziba pancha. Lakini trela jamani! Ni moja nyuma ya nyingine, na kuovateki kwa barabara ya leni moja kila upande ndiko kunamaliza watu wetu.

Ingine unakata Matuu, Kanyonyoo, Kitui, Mutomo, unatokea Kibwezi. Lami bado mpya, malori machache, mibuyu mikubwa kando kando, shida ni mbuzi na punda kuvuka ovyo, na mafuta weka Kitui kabisa. Trela utazikuta Kibwezi lakini utakuwa umezikwepa karibu kilomita 200.

Mi ukiwa na watoto nasema Kitui, mchana. Gari kama ni mzee pitia Nairobi. Na yoyote utakayochukua, lala Kibwezi ama Mtito Andei, juu mbele ni mbuga ya Tsavo na ndovu wakivuka usiku huwaoni mpaka wako kwa boneti.