Filamu za jela za wanawake: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Majalada ya filamu hizi hayatofautiani: wasichana wanne waliochanika nguo, mnyororo, na mwenye kiboko nyuma yao. Ukinunua kwa kuangalia jalada utapigwa. Mimi huanza na majina yaliyoandikwa chini kwa herufi ndogo, kwa sababu katika filamu iliyopigwa haraka haraka na kwa hela ya mboga, mwigizaji ndiye pekee ambaye mtayarishaji hakuweza kumbania. Gereza ni la kuazima, hadithi ni ileile ya mwaka jana, ila uso wa Pam Grier hauazimwi.

Jambo moja kabla ya mengine: hizi ni filamu za watu wazima. Zina watu uchi, viboko, na visa vya ubakaji ambavyo leo vinachukiza, tena mara nyingine vimewekwa ili kuuza tiketi tu. Usiziweke sebuleni watoto wakiwa macho.

Hollywood ilikuwa na filamu za wanawake gerezani zamani, tena za heshima. Caged ya mwaka 1950, ya Warner Bros., iliwapa Eleanor Parker na Hope Emerson uteuzi wa Oscar, na Emerson akiwa bibi jela ni wa kutisha kuliko wengi waliomfuata. Upande wa bei chee ulishika kasi baada ya 99 Women ya mwongozaji Jess Franco mwaka 1969. Roger Corman, mtayarishaji aliyeanzisha kampuni ya New World Pictures mwaka 1970, akamtuma mwongozaji Jack Hill hadi Ufilipino, ambako dola ilikuwa na nguvu, msitu upo, na mafundi wa filamu wenye uzoefu wapo. Kuanzia hapo fomula ikakaa: mfungwa mpya anaingia, anakuta mkuu wa gereza katili, kuna zamu ya bafuni isiyo na sababu yoyote, watu wanapigana matopeni, mwisho jela inavunjwa na risasi zinarindima. Na kwa kuwa waigizaji walizunguka walewale, ukishawajua watano au sita unaweza kulisoma rafu zima la duka.

Sasa deki yako. Diski hufungiwa kwa kanda, yaani eneo la dunia zinakoruhusiwa kucheza: DVD za Marekani ni za kanda ya 1, za Ulaya na Mashariki ya Kati kanda ya 2, na Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo tuko kanda ya 5. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa mitaani kwetu zinasoma zote, lakini ijaribu kwanza na diski ya kuazima. Blu-ray ni habari nyingine: Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati wote wako kanda B, Marekani kanda A. Maana yake ni kwamba Blu-ray iliyotolewa Uingereza itacheza Mombasa, Muscat na Hamburg bila shida, ilhali ya Marekani iliyofungwa kanda A itakugomea. Angalia kialama kidogo nyuma ya kasha kabla hujamtuma shemeji.

1. Women in Cages Collection

Kama una hela ya kitu kimoja tu, chukua hiki. Ni mkusanyiko wa DVD uliotolewa na kampuni ya Shout! Factory mwaka 2011, ukiwa na filamu tatu zilizopigwa Ufilipino: The Big Doll House na Women in Cages za 1971, na The Big Bird Cage ya 1972. Kuna filamu bora zaidi katika orodha hii, nakubali. Lakini hakuna mahali pengine utakapomwona mwigizaji akizaliwa mbele ya macho yako namna hii.

Grier alikuwa akifanya kazi kwenye swichibodi ya simu katika kampuni ya American International Pictures alipochukuliwa. Katika The Big Doll House ni mfungwa, na hata wimbo unaofungua filamu, Long Time Woman, ameuimba yeye. Mwongozaji Quentin Tarantino aliuchukua baadaye akauweka kwenye Jackie Brown ya 1997, filamu ambayo steringi wake ni Grier huyohuyo. Katika Women in Cages amevuka upande wa pili: ni askari jela mtesaji anayeitwa Alabama, na ukali wake unatoka mahali fulani, si wa kubweka tu. Katika The Big Bird Cage ni Blossom, mwanamapinduzi anayeingia gerezani kwa makusudi ili awatoe wenzake. Mfungwa, mtesaji, mkombozi, ndani ya miaka miwili. Mwaka 1973 Jack Hill akampa filamu ya Coffy, na kuanzia hapo jina lake halikuandikwa tena kwa herufi ndogo.

Usimwache Roberta Collins. Ni yule wa nywele za dhahabu ambaye kila mara anaonekana kuwa amesikia kichekesho ambacho wengine hawajakisikia. Katika Women in Cages yeye ni teja wa heroini aliyetumwa kumuua mfungwa mwenzake, na anaibeba filamu kuliko Jennifer Gan ambaye ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Collins alifariki mwaka 2008 bila Hollywood kumpa anachostahili. Mwingine ni Sid Haig, kipara, ndevu, meno yote nje: muuza matunda na mboga gerezani katika filamu ya kwanza, kiongozi wa wapiganaji wa msituni katika ya tatu. Wapenzi wa filamu za kutisha wanamjua kama Captain Spaulding wa House of 1000 Corpses, ya 2003.

Women in Cages ndiyo nzito kuliko zote tatu, na ina sababu. Mwongozaji wake, Gerardo de León, ni mtu ambaye Ufilipino ilimpa hadhi ya Msanii wa Taifa mwaka 1982. Mkono wake unaonekana kwenye giza na vivuli, hata kama mazungumzo ni ya kuandikwa kwenye daladala.

2. Female Prisoner Scorpion

Hapa ndipo penye sanaa. Filamu nne za kampuni ya Toei ya Japani, 1972 na 1973, zimetokana na hadithi za katuni za Toru Shinohara. Tatu za kwanza ameongoza Shunya Ito, ya nne Yasuharu Hasebe. Kampuni ya Arrow Video ilizitoa zote katika boksi moja mwaka 2016. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu: boksi zima linagharimu mara kadhaa ya DVD za hapo juu, na maandishi ya tafsiri ni ya Kiingereza.

Meiko Kaji ni Matsu, mwanamke aliyesalitiwa na mpenzi wake askari polisi akaishia jela. Karibu haongei. Katika filamu ya pili, Jailhouse 41, unaweza kuhesabu maneno yake kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki. Anatazama tu, na mtu anayetazamwa unamwona akianza kutokwa jasho. Ito naye anageuza kuta, anabadilisha rangi ya anga kuwa nyekundu, anapiga kamera kutoka chini ya sakafu ya kioo. Mambo ambayo mtu hakutegemea katika filamu iliyouzwa kwa wanaume wa Tokyo waliotaka kuona wanawake wakivuliwa nguo. Wimbo wa Urami Bushi anaimba Kaji mwenyewe, na ndiyo huo ulioingia kwenye Kill Bill ya Tarantino.

Mtego uko hapa: Toei iliendelea kutoa filamu za Scorpion baada ya Kaji kuondoka. Jina lilelile, kofia pana ileile, mtu mwingine. Soma jina la mwigizaji kwenye kasha. Kama Kaji hayumo, rudisha rafuni.

3. Caged Heat

Ya 1974, na ndiyo filamu ya kwanza kuongozwa na Jonathan Demme, yule aliyekuja kuchukua Oscar kwa The Silence of the Lambs. Mpiga picha ni Tak Fujimoto, aliyepiga hiyo nyingine pia. Muziki ni wa John Cale aliyekuwa kwenye bendi ya roki ya Velvet Underground. Corman ndiye aliyewalea watu namna hii kisha akawaacha waende.

Demme aliyaweka yote ambayo soko lilitaka, halafu akawapa wafungwa akili na utani wao wenyewe. Barbara Steele, malkia wa filamu za kutisha za Italia, ni mkuu wa gereza anayetembelea kiti cha magurudumu, amejibana mpaka unamwonea huruma. Erica Gavin ndiye mfungwa mpya, Juanita Brown ndiye mgumu wa gereza, na Collins yumo tena. Shout! Factory waliiunganisha na Jackson County Jail kwenye DVD ya filamu mbili. Ukiiona, chukua, kwani hiyo ya pili nayo si mzigo.

4. Black Mama, White Mama

Ya 1973, ya Eddie Romero, Mfilipino mwingine aliyekuja kuwa Msanii wa Taifa. Grier na Margaret Markov wamefungwa pingu moja, wanatoroka, hawapendani, na kila mmoja anataka kwenda upande wake. Demme ni mmoja wa waliobuni hadithi. Haig anatokea amevaa nguo za kichunga ng'ombe wa Texas katikati ya msitu wa Ufilipino, na hakuna anayemuuliza. Blu-ray ni ya Arrow. Mpenda jela halisi atanung'unika, maana gereza linaisha mapema. Iliyobaki ni mbio.

5. Terminal Island

Stephanie Rothman ni mmoja wa wanawake wachache sana walioongoza filamu za aina hii. Mahakama Kuu ya California ilifuta hukumu ya kifo mwaka 1972, naye mwaka uliofuata akatoa hadithi ya kisiwa wanakotupwa wauaji, wanaume kwa wanawake, bila kuta wala askari ndani. Wanawake wanaanza kama watumwa na hawamalizi hivyo. Ena Hartman na Phyllis Davis ndio wa kuangalia. Kasha litakuuzia Tom Selleck na pengine Roger E. Mosley, wale wa tamthilia ya runinga ya Magnum, P.I.; Selleck yumo kweli, ila ni daktari wa pembeni tu.

6. 99 Women

Waigizaji wa daraja la juu walioshuka: Maria Schell, Herbert Lom, na Mercedes McCambridge aliyepata Oscar ya mwaka 1949. McCambridge akiwa mkuu wa gereza anapiga kelele kana kwamba analipwa kwa kila neno. Inapoa katikati. Zipo nakala zaidi ya moja, na ile ya Ufaransa imeongezewa vipande vya ngono halisi ambavyo Franco hakuvipiga pamoja na filamu. Kampuni ya Blue Underground wametoa zote mbili, hivyo soma kasha mara mbili.

7. Chained Heat

Ya 1983, kwa wanaompenda Linda Blair tu. McCambridge ndiye aliyekuwa sauti ya shetani ndani ya Blair kwenye The Exorcist, na huu ndio uhusiano unaovutia kuliko chochote kilichomo katika filamu hii. Tamara Dobson, Stella Stevens na Sybil Danning wapo, John Vernon ni mkuu wa gereza mwenye beseni la maji moto ofisini. Ikiwa kwenye punguzo, sawa. Chained Heat II ya 1993, yenye Brigitte Nielsen, si mwendelezo wa chochote.

Ilsa, She Wolf of the SS ya 1975 nimeiacha nje ya orodha kwa makusudi. Dyanne Thorne ana mvuto wake na wauzaji wataisifu, lakini kambi ya mateso ya Wanazi kufanywa starehe ni kitu nisichomshauri mtu akilipie.

Kuhusu nakala za kuchoma: tatizo lake kubwa ni kukatwa. Nyingi zimetoka kwenye kanda za VHS zilizopunguzwa kwa ajili ya nchi fulani, picha imekunjwa pembeni, na anayekosekana mara nyingi ni mwigizaji unayemtafuta. Uliza dakika kabla ya kulipa. Caged Heat ina 83 hivi, The Big Doll House 95, Black Mama, White Mama 87. Pungufu ya dakika tatu nne huweza kuwa ni mwendo wa PAL, mfumo wa video wa Ulaya unaochezesha filamu kwa kasi kidogo zaidi. Pungufu ya kumi ni mkasi.