Niliambiwa sikio langu ni chafu

Naandika nikiwa bado na hasira. Anayetaka kujua bei na saa za kufungua apige simu aulize, mimi nina jambo langu moja. Nilioshwa sikio katika kliniki moja ya katikati ya mji wa Nairobi, ghorofa ya pili, karibu na yanapopakia magari ya Eastlands, na nilivyotendewa pale sijamaliza kuumia.

Mambo yalianzia majini. Tangu mwaka jana najifunza kuogelea pamoja na kijana wangu wa miaka tisa, kila Jumamosi, katika bwawa lililo upande wa Thika Road. Jumamosi moja, kabla mvua ya masika haijaanza, nilitoka majini sikio la kulia limeziba ghafla. Nikaruka kwa mguu mmoja, nikainamisha kichwa, nikapiga miayo, wapi. Nikatoa vijiti vya pamba mkobani nikachokoa, maana ndivyo nilivyozoea kila nikitoka kuogelea. Likaziba zaidi. Kwenye matatu mtoto aliketi upande huohuo wa kulia, akinieleza jambo kwa mikono yote miwili mpaka tukafika stendi, na sikupata neno hata moja. Nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Hilo ndilo lililonipeleka kliniki Jumatatu asubuhi.

Aliyenihudumia ni mwanamume wa koti jeupe. Hakuniuliza chochote. Narudia: chochote. Alimulika sikio kwa tochi ya simu, muda wa kupepesa jicho, kisha akajaza bomba kubwa la sindano moja kwa moja kutoka kwenye mfereji wa sinki. Wakazi wa Nairobi mnajua maji ya mfereji yalivyo baridi saa mbili asubuhi. Alipoyasukuma mara ya kwanza ukuta ukaanza kuzunguka. Mara ya pili nikashika kingo za kiti kwa mikono miwili, na kabla hajaniletea kitu chochote nikajitapikia kwenye sketi. Yeye akasema, "Tulia mama, ni maji tu."

Si maji tu. Nimesoma baadaye. Maji ya kuoshea sikio yanatakiwa yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi, kwa sababu yakiwa baridi yanavuruga kile kiungo cha ndani kinachotusaidia kusimama wima. Kuna daktari wa Vienna, Róbert Bárány, aliyeona wagonjwa wake wakipata kizunguzungu akiwaosha masikio kwa maji yasiyo na joto la kutosha. Akalifuatilia jambo hilo, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 ikamwendea kwa kazi yake juu ya kiungo hicho. Zaidi ya miaka 100! Na mtu anayelipwa kuosha masikio ya watu hajui kuchanganya maji ya moto na ya baridi.

Basi mara ya tatu kikatoka. Kitonge cha kahawia iliyokolea, karibu ukubwa wa punje ya maharagwe, kikaelea kwenye kidishi cha chuma. Na lazima niseme ukweli: saa hiyohiyo dunia ilirudi. Nilisikia honi barabarani, nikasikia karani wa mapokezi akichana karatasi. Raha yake huwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuziba sikio. Kama angenyamaza pale, leo ningekuwa naandika kuwasifu.

Hakunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, na nje kwenye benchi walikuwapo watu kama sita wakingoja. Akainua kile kidishi juu wakione, akasema kwa sauti ya kondakta, "Mama, hii ni uchafu ya miaka mingapi? Kwani kwenu hakuna maji?" Wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia ndiye peke yake hakucheka, alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake. Huyo mzee Mungu ambariki.

Nikamwambia kijana yule wa koti jeupe, kwa upole kabisa, kwamba nilipokuwa shule ya msingi sikio hilo lilitoka usaha muda mrefu, je, limekaa sawa? Akanijibu, "Si ungesema mapema? Sikio la kufa halisikii dawa."

Ningesema mapema kwa nani? Mgonjwa atajuaje kwamba hilo ni la kusema? Yeye ndiye wa kuuliza, na maswali yenyewe hayafiki matano: umewahi kutoboka ngoma ya sikio, umewahi kufanyiwa upasuaji, lina maumivu, linatoa majimaji. Ngoma ikiwa na tundu, maji yale ya bomba yanapita hadi sikio la kati, na vijidudu vinafuata. Hiyo ndiyo hatari niliyowekwa mimi kwenye kile kiti, kisha nikachekwa.

Nisiwe mdhalimu. Palikuwa na binti pale, nadhani ni mwanafunzi wa mazoezi. Aliufunga ule mlango, akaniletea kitambaa na maji ya vuguvugu nijipanguse sketi, akaniambia, "Pole mama, keti kwanza mpaka kizunguzungu kiishe." Angenihudumia yeye ningewapa nyota nne bila kusita.

Siku ya tatu usiku sikio likaanza kuuma. Nikibonyeza kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu, machozi yananitoka. Nikivuta sikio, vilevile. Asubuhi mto una doa la majimaji yenye harufu. Safari hii nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo upande wa Ngong Road, mama wa makamo. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka, ndipo akachungulia. Uchafu wa ule ugonjwa aliufyonza kwa mrija mwembamba, bila tone la maji. Akasema ni maambukizi ya njia ya nje ya sikio, yale yanayowapata sana waogeleaji. Nilimtaka aseme kliniki ile ndiyo iliyoniambukiza. Hakusema. Alisema ngozi ya ndani ikikaa na unyevu inalainika, ikikwaruzwa bakteria wanapata njia, na mimi nilikuwa nimekwaruza kwa vijiti mwaka mzima. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni wao. Nilipofika hapo hasira ilianza kushuka.

Kisha akasema, "Ngoma yako ina kovu la zamani, lakini imejifunga. Una bahati." Nikalia pale ofisini. Bahati! Kwa hiyo kilichonikinga ni bahati.

Akanieleza na lile neno lililokuwa linanichoma. Nta si uchafu. Sikio linaitengeneza lenyewe, ina mafuta ya kuzuia maji yasinyonywe na ngozi, na ina uchachu kidogo usiowafaa bakteria na kuvu. Hutoka yenyewe taratibu, hata kutafuna chakula kunasaidia kuisogeza nje. Kijiti cha pamba kinaishindilia ndani, halafu siku ukiogelea inanyonya maji, inavimba, inaziba. Miaka yote nilidhani nasafisha.

Nilipewa dawa ya matone na kukatazwa bwawa siku 10. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa mafuta mazito mlangoni mwa sikio. Sasa nikitoka majini nainamisha kichwa kila upande, nafuta nje tu kwa taulo, nyumbani napuliza kwa mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo nikiishika mbali. Mtoto nimemnunulia vizibo vya kuogelea. Vijiti nimetupa. Jirani wa saluni ananishauri nikawashiwe mshumaa sikioni. Jamani msikubali, haufyonzi nta, unaunguza watu.

Juzi nilirudi kliniki ile kulalamika, na risiti yangu mkononi. Imeandikwa kwa kalamu, "kutoa uchafu wa sikio." Kijana hakuwapo. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini nilipokuwa mapokezi nilisikia sauti ya yule binti ndani: "Mzee, hili sikio limewahi kutoboka? Limewahi kutoka usaha?" Kisha mlio wa maji yakimiminwa kutoka kwenye chupa ya chai.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nimeifuta, nimeweka tatu. Ukienda, muulizie binti. Ukimkuta kijana wa koti jeupe, shuka ngazi urudi siku nyingine.