Nyundo ya upepo ya zamani ya kupigia pasi bati: mali iko kwenye triga

Haya wadau, karibuni. Leo mezani kuna chuma chenyewe. Nyundo ya upepo ya Chicago Pneumatic, ya mkononi, zile za zamani, shingo imepinda kama herufi C. Juu nyundo, chini fuawe, bati linapita katikati. Sikumalizii bando kueleza nyundo ya upepo inafanyaje kazi, ukiwa fundi wa bodi unajua. Kampuni ni ya Marekani, ipo tangu 1901, na mwaka 1987 ikanunuliwa na Atlas Copco ya Sweden. Hao hao ndio watu wa nyundo za ribiti, zile pini za kuunganishia mabati ya ndege. Ukishawahi kushika nyundo ya ribiti, triga ya hii utaitambua kwa kidole hata ukifumba macho. Na leo tunaongelea triga. Mengine yatakuja yakija.

Sogeza kamera hapa. Regyuleta ya presha ya upepo nimeiweka bar 2 na nusu, kama psi 36 hivi. Nagusa kwa ncha ya kidole tu. Sikiliza. Tak. Tak. Tak. Unaweza kuhesabu! Naongeza kidogo… sasa inakoroma. Naongeza tena… hiyo ndiyo kasi ya kufanyia kazi. Narudisha kidole taratibu, inashuka, inashuka, tak, tak, imenyamaza. Regyuleta sijaigusa. Mkono mmoja umefanya yote, mwingine uko huru kushika bati.

Chukua hizi mpya za bei chee sasa. Nyingi triga yake ni ya swichi ya taa, imezima au imewaka. Ukitaka pigo dogo unaacha kazi, unaenda kwenye regyuleta, unarudi, umeshasahau ulikuwa wapi. Wengine wanasema si tatizo, weka presha ndogo ufanye kazi nzima hivyo hivyo. Ni tatizo. Bati halitaki nguvu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katikati ya paneli limeshikwa pande zote, linavumilia. Ukifika ukingoni hakuna kinacholishika upande wa pili, linavutika upesi, na ukingo unaanza kupiga mawimbi kama kanga kwenye kamba. Ukingoni ndipo unapoachia kidole.

Twende kwenye bati. Hiki ni kiraka cha madigadi, chuma cha milimita 0.9, kimechomelewa kwa gesi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Tazama nikiweka rula. Unaona mwanga chini ya rula, hapo kwenye mshono? Pamezama. Chuma cha mshono kikipoa kinasinyaa na kuvuta majirani zake. Wengi hapa wanafungua kopo la puti, ile pasta ya kujazia mabonde. Usifungue. Bati halijapotea, limesinyaa tu, na kilichosinyaa kinavutwa kirudi.

Kwanza nasaga mshono, juu na chini, nabakiza kama unene wa karatasi mbili. Usisage hadi usawa wa bati, maana nyundo itakosa nyama ya kusukuma na mshono utabaki mwembamba. Pili, napaka wino wa maka upana wa sentimita 2, mshono katikati. Tatu, fuawe. Hii yangu inapanda kwa uzi wa skrubu: napandisha mpaka bati liingie bila kulazimishwa lakini lisichezecheze. Sasa nalitembeza bati kwanza, halafu ndiyo kidole. Rudia kuitazama hiyo. Bati linatembea, kidole kinafuata. Ukibonyeza bati likiwa limesimama, pigo la kwanza linaacha duara, na hilo duara utalifukuza nusu saa nzima. Mwishoni kinyume chake, kidole kinaachia kabla bati halijasimama.

Mstari wa kwanza juu ya mshono wenyewe. Wa pili unaupanda wa kwanza kwa nusu. Wa tatu upande wa pili, hivyo hivyo. Basi. Mistari mitatu, simama, weka rula. Mwanga umepungua? Umepungua. Narudia mara moja tu juu ya mshono. Sasa nachukua tupa, kile chuma cha kusugulia, naipitisha kidogo bila kukandamiza: wino ukitoka, hapo pamenyanyuka, ukibaki, pamezama bado. Naona doa moja la wino hapa kushoto, nalirudia kwa tak, tak, tak, tak. Mapigo manne. Hiyo ndiyo kazi ambayo triga ya swichi haiwezi kuifanya.

Kosa kubwa ni utamu. Bati likianza kung'aa unanogewa, unapita tena, unapita tena. Kila pita linakuwa jembamba na pana zaidi, mwisho linavimba; ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitika "pokwa" kama kifuniko cha kopo. Hapo umetoka kwenye kuvuta, umeingia kwenye kusinyaza kwa moto na maji, kazi nyingine kabisa. Na kama mshono umepigwa na MIG, ile welding inayosukuma waya yenyewe, jua kwamba ule waya unaacha chuma kigumu. Nyundo inavuta bati la pembeni, mshono wenyewe umekaa pale pale. TIG, ile welding ya umeme ya sindano ya tungsteni, au gesi ndiyo rafiki ya nyundo hii.

Jamani, kabla sijaendelea: video za Jumatano zimehamia Jumamosi jioni. Wengi mnaangalia mkishafunga gereji, nimewasikia. Sabskraibu, twende.

Vichwa. Cha juu bapa, kingo zake zimelainishwa. Cha chini, yaani fuawe, kina mgongo, na hapa ndipo watu wanaharibu. Mgongo wa fuawe uwe umepinda kidogo kuliko paneli, kidogo tu. Ukiwa bapa kuliko paneli, ukingo wa fuawe ndio unaogusa, na utaona alama za nusu mwezi kila mahali. Ukipinda mno, unagusa sehemu ndogo kama kidole, unachimba njia. Na king'ae! Msasa 400, kisha 800, kisha 1500, kisha brasso. Mkwaruzo mmoja kwenye kichwa unachapwa kwenye bati kila pigo.

Za zamani zimepitia mikono mingi, shingo inaweza kuwa imepinda au imewahi kupasuka ikachomelewa. Kipimo chake cha bei rahisi ni karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe. Ziweke katikati, gusa triga mara moja. Hivi. Tuone… duara, limejaa, katikati. Safi. Ukipata nusu duara, vichwa havitazamani. Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji akufanyie hili na kukutumia picha. Akikataa, tafuta nyingine. Tena mwombe apime shina la kichwa kwa kalipa. Nyundo nyingi za upepo za sasa ni milimita 10.2, ile 0.401 ya inchi. Ya kwako ikiwa tofauti, kila kichwa kipya ni safari ya kwa fundi wa lathe.

Sasa ninachokichukia. Hapa, mdomo wa upepo. Uzi wake ni wa Kimarekani, NPT ya robo inchi, meno 18 kwa inchi. Viungo vingi vya kompresa madukani kwetu ni BSP, uzi wa Kiingereza, robo inchi, meno 19. Jino moja! Unakishika, kinaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, unasema kimekubali, unaongeza spana. Kimekula uzi. Hata pembe za meno hazifanani, huku digrii 60, huku 55. Utazungushia tepu nyeupe mpaka kifanane na kidonda, bado kitavuja, na nyundo inayovuja mdomoni haina tak tak, ina pumzi ya pumu tu. Nunua adapta ya NPT kwenda BSP, ifunge mara moja, usiifungue tena maishani.

Kompresa: lita 50 inatosha. Mnh, inatosha kwa kiraka. Kwa madigadi nzima utakuwa unaisubiri ijaze, na presha ikishuka katikati ya mstari pigo linabadilika mkononi. Sawa, basi haitoshi, lita 100. Na nyie wa Mombasa, Tanga, Dar, fungueni maji chini ya tangi kila siku, hewa ya pwani inayajaza. Maji yakifika ndani ya nyundo, pistoni inashika kutu. Ikija ikiwa imeganda kwa oili ya zamani usiigonge, iloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ipulize, kisha matone matano ya oili nyepesi ya vifaa vya upepo. Oili ya injini ni nzito, italirudisha gundi lile lile.

Wenye Land Rover za Series, zile za zamani, mnauliza kila wiki. Ndiyo, inafaa, bodi yake ni aluminiamu, aina inayoitwa Birmabright. Shusha hadi bar 1 na nusu. Vichwa vifute kabisa kwanza, vumbi la chuma likipigiliwa kwenye aluminiamu linaanza kuila. Bati lake likiwa limekakamaa, paka sabuni ya mche, pasha mpaka sabuni igeuke kahawia iliyoiva, acha lipoe. Ila ule ubavu bapa wa mlango usiuguse! Paneli bapa haina mgongo wa kuibeba, ukiivuta kidogo tu inaanza pokwa pokwa. Hapo chukua nyundo ya mkono na doli, kile chuma cha kushikilia nyuma ya bati, na subira.

Vaa kinga ya masikio, na kila dakika kumi pumzisha vidole, mtikisiko huu unaua ganzi… yaani unaleta ganzi, mmenielewa.

Bei? Kichwa kimoja hakifanyi seti. Nyundo tupu isiyo na fuawe nyingine itakuvutia kwa bei, halafu vichwa vikuzidi gharama. Ikija na fuawe tatu au nne za migongo tofauti, na picha ya karatasi ya kaboni ikiwa duara, lipa. Mpya ya bei chee yenye stendi? Kwa mtu wa viraka viwili kwa mwezi, chukua, bora kuliko puti. Halafu ifungie koki ya kupunguza upepo karibu na mpini, koki ya kawaida ya robo inchi, angalau upate nusu ya triga hii. Jumamosi nitaifunga hapa hapa mezani tuisikilize.