Duka la Kanga la Ngamiani: Tathmini ya Mwanafunzi wa Fasihi

Katika mojawapo ya barabara zenye namba za Ngamiani, jijini Tanga, liko duka dogo la kanga ambalo mwenyewe, mama wa makamo aliyerithi biashara hiyo kwa mama yake, aliniomba nisilitangaze kwa jina, kwa kuwa anapenda wateja wanaoelekezwa na ndugu na majirani zao. Nimeliheshimu ombi lake, na mkazi yeyote wa Ngamiani akiulizwa juu ya mama anayehoji wateja kabla ya kuwauzia atamwelekeza mgeni bila kusita. Ninaandika nikiwa mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), ambaye kila wiki hutakiwa kuchambua ishara na taswira katika riwaya na tamthilia. Kwa hiyo sitaishia kwenye bei na ubora wa kitambaa, ingawa hayo nayo nitayaeleza, bali nitaeleza pia kwa nini naona kwamba huduma ya duka hili ni somo la fasihi ambalo madaftari yetu mengi hayana.

Duka linauza kanga peke yake. Hakuna vitenge, hakuna madera, hakuna mashuka. Doti nyingi huuzwa kati ya shilingi 12,000 na 18,000, na tofauti hutokana hasa na kitambaa: zile za pamba halisi ziko juu kidogo, na zile zenye mchanganyiko wa nyuzi nyingine ziko chini. Mama huyo hamfichi mnunuzi. Ukimwuliza kama rangi inachuja, hukupa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji, nawe hukisugua mwenyewe kwenye ncha ya kanga mpaka uridhike. Hukumbusha pia kwamba kanga mpya ina wanga mwingi, kwamba ilowekwe usiku kucha kabla ya kuvaliwa, na kwamba usikimbilie kuihukumu kwa ugumu wake wa dukani. Kibarazani hukaa fundi cherehani anayekata doti na kukunga mapindo papo hapo kwa malipo madogo, na mshono wake ni mwembamba na umenyooka.

Hayo yote mtu anaweza kuyapata kwingine. Ambalo sijalikuta kwingine ni swali linalotangulia kila kitu. Mama yangu aliponituma nimnunulie doti ya kumpelekea wifi yake, yaani shangazi yangu, aliyekuwa amejifungua, nilisalimu, nikaeleza haja yangu, nikanyoosha mkono kuelekea rundo la kanga za rangi ya chungwa. Mwenye duka aliitikia salamu, kisha akaniuliza: “Unamnunulia nani, mwanangu, na nani anayetoa?” Hakutaka kujua rangi wala kiasi cha fedha nilichokuwa nacho. Nilipomjibu, aliendelea: shangazi huyo alikaa muda gani katika ndoa kabla ya kupata mtoto, na yeye na mama yangu wanapatana? Kwa mtu asiyezoea, maswali hayo yanaweza kuonekana ya kuingilia mambo ya watu. Dakika chache baadaye nilielewa kwamba bila hayo asingeweza kuniuzia chochote kwa moyo safi.

Kila mtu wa pwani anajua kwamba kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa upande wa chini wa mji. Alikunjua doti ya kwanza juu ya meza, akaivuta mpaka jina likatokea, akalifuata kwa kidole: Wema hauozi. Nililiona jina zuri, linalofaa kabisa kwa zawadi. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba jina hilo likitolewa na aliyetendewa wema huwa ni shukrani, na likitolewa na aliyeutenda huwa ni kudai; na kwa kuwa mama yangu ndiye aliyemuuguza wifi yake wakati wa ujauzito, doti hiyo ingefika kule kama hati ya deni. Akakunjua ya pili: Subira yavuta heri. Hii nayo aliirudisha mwenyewe kabla sijasema lolote. Shangazi alikuwa amengoja mtoto kwa miaka mingi, na kila mgeni atakayekuja kumtazama mchanga angelisoma jina hilo, akakumbuka miaka, na pengine akaitaja. Methali ambayo kwa mwanafunzi anayengoja matokeo ni faraja, kwa mwanamke huyo ingefungua upya kidonda kilichokwisha kufunga.

Mwishowe alinipa doti yenye jina Upendo na amani ametujalia Mungu. Kama ningekuwa nalihakiki jina hilo peke yake, ningesema halina fumbo wala makali, na kwamba linafanana na mengine mengi. Lakini kwa mtoaji yule na mpokeaji yule, lilikuwa ndilo jina sahihi kuliko yote mezani, kwa sababu linawaweka mawifi wawili upande mmoja, wote wakiwa wamejaliwa, hakuna aliyempa mwenzake na hakuna anayedaiwa. Mama alipoipokea nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kulitafuta jina. Alilisoma, akakunja kanga, akasema hiyo itakwenda.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro ya namna tunavyofundishwa, na tunavyojifundisha wenyewe kwa ajili ya mtihani. Katika madondoo yanayozunguka kutoka mkono hadi mkono, ishara huandikwa kama orodha ya mahesabu: giza ni ujinga, joka ni dhuluma, nyekundu ni hatari, mvua ni neema. Mwanafunzi hukariri, hujaza kurasa, hupata alama. Muuza kanga wa Ngamiani hana orodha ya namna hiyo, wala hawezi kuwa nayo, kwa sababu anajua kwamba maneno yale yale, kwa wino ule ule, hubeba ujumbe mwingine kabisa yanapobadilika mikono. Nilipokuwa pale aliingia mwanamke kijana akitaka doti ya Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake, ambayo ni miongoni mwa majina yanayojulikana sana. Mwenye duka alimwuliza atalivaa wapi. “Ukilivaa kwako, unajipa moyo,” alimwambia. “Ukilivaa kwa mama mkwe wako siku ya shughuli, umefungua kesi, na ya kuimaliza ni juu yako.” Mwanamke yule alifikiri kidogo, kisha akanunua. Alikuwa ameshajua anachokifanya, na nadhani swali lile lilimsaidia kukifanya kwa macho mawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipeleka swali la mama huyo kwenye vitabu. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kujengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, maji ni yale yale kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini hayana maana moja. Kwa Kinjeketile mwenyewe, aliyewapa watu maji hayo, maji yanapaswa kwanza kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa shaka, ili yawe na nguvu moja mbele ya Wajerumani. Kwa wapiganaji wengi, maji ni kinga ya risasi, na mtu aliyekwisha kupewa kinga haoni sababu ya kungoja. Msiba wa tamthilia hiyo umo ndani ya nafasi iliyo kati ya maana hizo mbili. Tena mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa ameshaona gharama yake kwa damu ya watu, kwa sababu sasa maji yamekuwa mali ya watakaozaliwa baadaye, nao wangeambiwa kwamba wazee wao walipigania uongo. Mwanafunzi aliyeandika daftarini kwamba maji ni umoja hajaandika jambo baya, ila amesimama mlangoni. Hajauliza ni nani anayetoa, ni nani anayepokea, na ni wakati gani.

Liko jambo la pili ambalo duka hili limenifanya nilione vizuri zaidi, nalo ni kwamba ishara humpa mnyonge mahali pa kusimama anaposema. Kanga hufungwa jina likiwa nyuma, kwa hiyo anayelengwa hulisoma wakati msemaji ameshampa mgongo. Akiuliza, hujibiwa kwamba ni nguo tu, imependwa kwa rangi yake. Mwanamke ambaye hawezi kumjibu mkwewe barazani huweza kupita mbele yake akiwa amevaa jibu. Simwoni kama mwoga. Naona ni busara ya mtu anayejua kwamba baada ya kusema lazima aendelee kuishi katika nyumba ile ile.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, aliielewa busara hiyo. Riwaya yake ya Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi katika serikali yao. Hakuandika juu ya Tanganyika. Aliandika juu ya nchi iliyo angani, akampa mshitaki jina la Majivuno na mshitakiwa jina la Karama, akaweka mbele ya baraza kosa la mtu aliyetaka watu wafundishwe sheria, na akasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, waliorudi na mambo yenye manufaa kwa nchi yao wakalipwa adhabu. Ofisa aliyetaka kumshika kwa maneno yake angelazimika kwanza kukubali kwamba Kusadikika ni nchi anayoitawala yeye. Mwanamke wa kanga na mwandishi wa riwaya wametumia njia moja: msemaji hakutaja mtu, na anayekasirika hujitaja mwenyewe. Sisi tunaosoma Tanga tuna deni kwa mzee huyu, aliyezikwa Machui, si mbali na mji, na inanisikitisha kwamba wenzangu wengi humjua kwa tarehe na orodha ya vitabu, ilhali lugha aliyoitumia bado inavaliwa sokoni kila siku.

Kuhusu rangi, mama huyo ana kona yake ya kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayovaliwa harusini, na hiyo pekee inatosha kuiondoa hesabu ya kwamba nyekundu ni hatari. Bibi harusi wa pwani anayefunikwa kisutu hafunikwi hatari. Ni kweli kwamba katika riwaya fulani shuka jekundu laweza kutangaza kifo, na msomaji awe tayari kulipokea hivyo, lakini alipokee kutoka ndani ya riwaya yenyewe, kutokana na yaliyotangulia na yatakayofuata.

Duka lina upungufu ambao mteja anastahili kuujua. Mwanga ni hafifu, hasa mchana taa zinapokuwa zimezimwa, hivyo rangi ya samli na ya haradali hufanana hadi utoke nazo kibarazani. Kanga zimepangwa zikiwa zimekunjwa kwa namna inayoficha majina, na mteja asiyependa kuulizwa hulazimika kufungua moja moja huku wengine wakingoja nyuma yake. Baadhi ya doti mpya zina makosa ya herufi kwenye jina, ambayo mama mwenyewe huyaonyesha kwa kuudhika na kuyapunguzia bei; ningependa asiyapokee kabisa kutoka kwa wauzaji wa jumla, kwa kuwa jina lililokosewa ni kanga iliyoharibika, hata kama kitambaa ni kizima. Doti ikishakatwa hairudishwi, na hilo husemwa mapema. Kubwa kuliko yote ni kwamba huduma ninayoisifu ni yake binafsi. Akiwa ametoka, kijana anayeshika duka ni mpole na mwaminifu katika chenji, lakini huuza kwa rangi tu, na anayeingia saa hizo atatoka na kanga nzuri bila kuambiwa itasema nini itakapofika. Ningemshauri mama amkalishe kijana huyo karibu anapozungumza na wateja, ili maarifa hayo yasibaki kichwani mwake peke yake.

Wanafunzi wenzangu wa fasihi nawashauri waende, hata kama hawana fedha ya kununua, mradi wasizuie wateja. Mama hafukuzi msikilizaji, na ukimwomba ruhusa kwa adabu atakuacha unakili majina. Aendaye kununua zawadi ya uzazi, ya harusi, ya msiba au ya kupatanisha waliokosana atenge muda wa kutosha na ajiandae kujibu maswali kwa ukweli, kwa sababu ushauri atakaoupata utategemea majibu yake. Anayetafuta sare ya watu wengi kwa shughuli ya haraka, ambaye haja yake ni rangi moja na idadi kubwa, atahudumiwa vizuri zaidi na maduka ya jumla. Wakati mzuri wa kumkuta mama mwenyewe ni asubuhi, kabla jua halijapanda, na tena baada ya sala ya alasiri; Ijumaa adhuhuri duka hufungwa.