Mabwawa ya majitaka Dandora: lipite la kwanza, kaa kwenye la mwisho

Kazi yangu ni kuzibua. Chemba za Buruburu, sinki za Umoja, vyoo vya ploti za Kayole. Maji yakishashuka mwenye nyumba hunilipa na kusahau habari yake, lakini mimi najua yanakoelekea. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huishia Ruai, kilomita 30 hivi mashariki mwa jiji, kwenye mabwawa ambayo watu wote huyaita ya Dandora ingawa Dandora yenyewe umeshaiacha nyuma kitambo.

Tathmini hii ni ya mtu anayetaka kwenda kuangalia ndege huko. Nasema mapema: kwa bata na ndege wa topeni, sijaona mahali karibu na Nairobi panapoyashinda mabwawa haya, hata mbuga tunazolipia getini. Na si maneno yangu tu, BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, wameyaorodhesha miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege Kenya.

Shida ni kwamba wengi hupelekwa vibaya. Mara ya kwanza nililipia kampuni moja ya matembezi, jina nalihifadhi. Mwongozaji alisimamisha gari kwenye bwawa la mwanzo kabisa, akapandisha vioo, tukangoja. Tukaona korongo wawili wale wenye mfuko shingoni wamesimama juu ya tuta, basi. "Leo ndege wamehama," akasema, akageuza gari. Hawakuwa wamehama hata kidogo. Ni yeye hakujua maji yanavyotembea.

Yanatembea hivi. Kwanza majitaka huingia mabwawa ya kina kirefu yasiyo na hewa. Humo bakteria hula uchafu, gesi hupanda kwa mapovu, na utando mweusi huelea juu. Ile harufu unayoihofia iko hapo. Kisha maji huhamia mabwawa yenye kina kifupi zaidi, yakawa ya kijani kwa mwani, na mwani ukipigwa na jua hutoa oksijeni. Mwisho ni mabwawa ya kukomaza, mapana na ya kina kidogo, ambako jua humalizia vijidudu kabla maji hayajaingia Mto Nairobi. Kazi yote hiyo inafanywa na mteremko na jua, na kwa fundi anayejua bei ya pampu, hilo pekee linatosha kumtoa nyumbani.

Sasa, usubi hutaga kwenye maji ya kijani na haya ya mwisho, viluwiluwi vyake hujaa topeni, na ndege hufuata chakula. Kwa hiyo pita ya kwanza bila kusimama. Ukifika ya mwisho zima gari, shuka.

Nenda kati ya Novemba na Machi, wageni wa Ulaya na Siberia wakiwa wameshatua. Mimi huanza na wale bata wa mdomo mpana. Dume ana kichwa cha kijani kilichokolea, kifua cheupe na ubavu wa kahawia nyekundu. Huogelea kwa kuzunguka, kundi zima, kila mmoja ameweka mdomo wake kwenye uso wa maji nyuma ya mkia wa mwenzake. Mzunguko ule huvuruga maji na kuinua chakula, na kingo za midomo yao zina vichana vyembamba vya kuchuja: maji yanatoka, wadudu wanabaki. Nimefunga vichujio vingi maishani, vya bei kali, na hakuna kilichofanya kazi kwa utulivu ule. Nikiwatazama hawa husahau chai yangu ndani ya chupa.

Juu yao buabua weupe hushuka na kudonoa usubi bila kulowa. Kandokando utakuta wale wenye miguu mirefu myekundu, wakipiga kelele ukikaribia tuta lao, na vitwitwi, wale ndege wa topeni, wa kila saizi ambao mimi bado nawabishania na wenzangu. Bata wetu wa nyumbani wapo mwaka mzima: yule mdogo mwenye mdomo wa buluu, yule wa mdomo mwekundu, na yule mweusimweusi ambaye dume lake lina jicho jekundu. Darubini ya 8x42, ile inayokuza mara nane, inatosha kwa hao. Kwa vitwitwi wa ng'ambo ya pili, mbembeleze mwenye darubini ya miguu mitatu.

Kuingia si kama kuingia mbuga. Hapa ni mahali pa kazi, kuna geti na kuna askari, na ruhusa huombwa kabla. Njia rahisi ni kwenda na kundi. Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wana matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, aliyoyaanzisha Fleur Ng'weno mwaka 1971, na ukishajuana na watu wale utajua lini kuna safari ya huku. Wengi ni wazee kuliko mimi na hawaringi; ukiuliza jina la ndege utajibiwa.

Kofia ni lazima, hakuna kivuli. Vaa gamubuti, simama upepo ukiwa mgongoni, na usile chochote kabla ya kunawa kwa sabuni. Nyama choma ngojea mpaka mtokee Kangundo Road. Watoto wadogo waacheni nyumbani: matuta yana utelezi, na utando wa yale mabwawa ya kwanza humdanganya mtoto kuwa ni ardhi.